Dari Moja, Makabati Mawili

Wazo la kabati lilikuwa langu. Nalisema hili mwanzo kabisa, kabla ya lolote, kwa sababu leo ukienda Kigombe ukauliza, utasikia mengine.

Mume wangu alipostaafu kazi bandarini alijitia ufundi seremala. Hakufundishwa na mtu. Alinunua randa, msumeno na jiriwa, akaigeuza nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga kuwa karakana, na kwa mwaka mzima akawa anatengeneza vigoda ambavyo ukivikalia vinakuinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza siri. Baadaye mkono ukakubali. Akatengeneza meza, akatengeneza mlango wa choo, akatengeneza mbuzi ya kukunia nazi ambayo majirani waliiazima mpaka nikaificha. Mie barazani na cherehani yangu, yeye uani na randa yake. Mpita njia angesema hiyo ni nyumba ya raha.

Ilikuwa ya raha kwa zamu. Siku mbili kwangu, siku mbili Kigombe kwa mke mwenzangu. Huyo alimwoa mwaka ule ule aliostaafu, kana kwamba mtu akimaliza utumishi lazima apewe kitu. Alimkuta mjane, kijana kuliko mie, mchuuzi wa samaki wa kukaanga, mcheshi. Alinilaki kwa adabu tangu siku ya kwanza na akaniita dada. Sikumpenda, na sijampenda bado. Hakunikosea neno, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu asiyekukosea humpati pa kumshika.

Na mume wangu, niseme haki yake, ni mtu wa uadilifu mpaka unamchoka. Akininunulia kanga, ananunua doti mbili za rangi moja na maandishi mamoja, moja yangu moja ya kule. Tukikutana harusini tunafanana kama watoto wa shule. Akiniletea mie papai, na kule linakwenda papai, na linapimwa kwa macho lisiwe dogo wala kubwa. "Nitaulizwa," husema, na anainua kidole juu kuonyesha ni nani atakayemuuliza. Wanawake wengi hapa mtaani wangefurahi kupata mume wa namna hiyo. Mie nilikuwa nimeishi naye miaka mingi peke yangu kabla ya huo uadilifu kuhitajika, na kila nilichopewa sasa nilijua kina pacha wake mahali.

Ndiyo maana nilitaka kabati. Nilitaka kitu kimoja kisicho na pacha.

Jikoni kwangu vyombo vilikuwa vinakaa kwenye rafu iliyofunikwa pazia, na panya walilijua pazia lile kuliko mie. Nikamwambia nataka kabati la ukuta mzima, lenye milango, na sitaki mbao za kiwandani zile za kubandikwa, ambazo masika moja tu zinaumuka kama andazi. Nataka milango yenye mbao kama za dari ya nyumba ya Pangani. Akauliza nyumba gani. Nikamweleza.

Mama yangu alikuwa mshonaji kama mie. Nilipokuwa mtoto alikuwa akinichukua hadi Pangani, kwenye nyumba ya watu wenye asili ya Oman waliokuwa na mashamba ya minazi. Alishona hapo hapo kwao, akipima huyu na kumkatia yule, na mchana mie nililazwa sakafuni penye ubaridi. Juu yangu palikuwa na dari ya mbao nyembamba, upana wa kiganja kila moja. Ubavu mmoja wa ubao una ulimi, ubavu wa pili una mfereji. Ulimi wa huu unaingia katika mfereji wa jirani yake, na pale zinapokutana fundi amechonga mchirizi na kituta cha mviringo, chembamba, ili kiungo kisionekane kiungo bali pambo. Mistari ilikwenda toka ukuta hadi ukuta bila kuyumba. Nililala chini yake nikiifuata kwa macho mpaka usingizi ukanichukua, na sijaona kitu kilichonyooka namna ile tena, iwe nguo, iwe mtu.

Miezi michache baadaye mteja aliyekuja kupima gauni akanambia nyumba ile inaezuliwa. Paa linabadilishwa, na dari imeshushwa, imerundikwa uani. Nilimpima gauni lile kwa haraka hata nikasahau mikono. Kesho yake, siku ya zamu yangu, tukakodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, mume wangu na mie, tukaenda Pangani.

Bibi mwenye nyumba, binti wa wale waliokuwa wakishonewa na mama, alitupokea ukumbini na mbingu inaonekana juu ya vichwa vyetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Weye si mtoto wa yule fundi? Nimekujua kwa paji la uso. Mamako, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono mwepesi, tena mtu wa kimya. Siku nzima humsikii."

"Huyu karithi mkono tu," mume wangu akadakia, wakacheka wote wawili. Na mie nikacheka, nilikuwa na haja ya mbao.

Bibi akasema tuzichukue zote. Watoto wake wanataka dari nyeupe ya jipsamu, na wapishi wa nyumba ile walishaanza kuzitazama zile mbao kwa jicho la kuni. Tukaingia uani tukaanza kuchagua. Kazi ile niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya naye. Mvua ya miaka ilikuwa imeozesha nyingi, na mchwa walikuwa wamekula nyingine kwa ndani, wakaacha ngozi. Unaugonga ubao kwa kifundo cha kidole: mzima unalia, ulioliwa unanyamaza. Yeye alikuwa akiinua kila ubao mpaka kwenye jicho, akifumba jicho la pili, kuona kama umepinda. Mie nilipitisha ukucha kwenye mchirizi kutafuta penye ufa. Ulikuwa mvule, umeiva rangi ya tende, na tulipokwangua kidogo ukanukia kama umekatwa jana.

Tulipomaliza, rundo la nzima lilikuwa dogo kuliko tulivyotaka. Nililitazama nikajua, kama ninavyojua kitambaa kinatosha au hakitoshi kabla sijashika mkasi.

"Zinatosha kabati moja," nikasema.

"Moja na ushee," akasema yeye.

Huo ushee nilipaswa kuuuliza ni wa nani. Lakini wakati ule nilikuwa nageuza mbao kuzipangusa migongo, nikaona kitu. Mgongoni mwa kila ubao palikuwa na kipande cha mstari wa penseli, kimekaa mshazari. Nikaziweka chini, moja ubavuni mwa nyingine, nikizihamisha, mpaka vile vipande vikaungana vikawa mstari mmoja mrefu uliopita mgongoni mwa mbao zote. Nikacheka peke yangu. Ndivyo mie ninavyofanya kwa chaki ninapokata nguo ya mistari, ili kila kipande kijue jirani yake. Yule fundi wa zamani alizichonga kwa mkono, kila ulimi kwa mfereji wake, na akaacha alama zisije zikapotezana.

"Ona," nikamwambia mume wangu, "zinataka zikae hivi hivi, kwa mpango wake."

"Ehee," akasema, ile ehee ya mtu ambaye masikio yake yamekwenda mahali pengine.

Barabara ya kutoka Pangani kuja Tanga inapita Kigombe, hakuna namna. Tulipokaribia, dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa. Hapo nikajua kwamba aliambiwa kabla.

"Zamu yangu hii," nikamwambia mume wangu.

"Mchana kupita kusalimia kunaruhusiwa. Hata sikai."

Kweli hakukaa. Mke mwenzangu ndiye aliyetoka, mikono ina unga wa samaki, akanisalimia dirishani kwa adabu zake zote, "Shikamoo dada, mmechoka eh?" Kisha akazunguka nyuma ya gari. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Alichukua ncha ya kanga yake, akapangusa ubao mmoja, akapitisha kidole kwenye mchirizi taratibu, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Mashallah," akasema. "Mistari hii! Nani huyo aliyechonga?"

Hakusema nipe. Hakusema na mie nataka. Aliuliza tu, kisha akatufungia samaki. Lakini nilimwona mume wangu alivyomtazama, nikaona kabati langu linakatika vipande viwili pale pale barabarani. Samaki wale sikuwala. Niliwatazama wakiliwa.

Kesho yake asubuhi akaniletea chai mwenyewe, dalili mbaya.

"Nikikufanyia wewe, lazima nimfanyie na yeye," akaanza.

"Mfanyie. Mbao za paini zimejaa mjini."

"Weye mvule wa kale, yeye paini? Hiyo si sawa, mama watoto. Nitaulizwa."

"Nani alizitafuta mbao hizi? Mamake nani alishona chini ya dari ile? Yeye anaijua ile nyumba? Kaingia lini ndani yake?"

Nilisema mengi. Nilisema mpaka chai ikapoa. Yeye alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa, kisha akatoka uani akaanza kugawa. Aligawa kwa uadilifu ambao hata kadhi asingeupata: ubao mmoja kulia, wa kwangu, unaofuata kushoto, wa kule, tena kulia, tena kushoto, ili asitokee mtu akasema mazuri yalikwenda upande mmoja. Nilisimama mlangoni nikaona mstari wa penseli unakatwa katwa.

"Hazitakaa," nikamwambia. "Kila mmoja umechongewa jirani yake. Ukiruka mmoja, hazishikani tena."

"Wivu huo."

"Wivu ninao, sijakukatalia. Lakini hizo mbao ni kitu kingine."

Akatabasamu, tabasamu la mtu anayemsamehe mtoto. Hili ni jambo ambalo wenye wivu tunalijua: tukishajulikana, hatusadikiwi tena hata tukisema nyumba inaungua.

Hazikukaa. Ulimi huu mnene kwa mfereji ule, ule mwembamba unacheza ndani. Akapunguza ulimi mmoja kwa patasi, ukazidi kupungua, pakabaki mwanya. Akaupiga mwingine kwa nyundo, ukachanika ncha. Mistari ambayo kwenye dari nzima ilikuwa imenyooka, sasa kwenye mlango mmoja wa kabati ilikuwa kama meno ya mtoto anayeng'oa. Na kwa kuwa kila upande ulikuwa na nusu tu ya mbao, nusu nyingine ilibidi iwe paini nyeupe, na ukiweka paini mbichi karibu na mvule ule wa zamani unaona kanzu yenye kiraka. Alijaribu mpaka zamu yangu ikaisha. Mwishoni akaketi juu ya kigoda chake mwenyewe, kikamwinamisha.

"Ulisema," akasema.

Nikarudi kwenye cherehani yangu kwa raha zangu zote.

Akamshukuru Mungu kwamba zilizoharibika ni mbao mbili tu, za mwisho wa mstari, akazirudisha zote rundo moja. Sasa jambo lilikuwa wazi: mbao hizi hazigawanyiki, lazima ziende nyumba moja. Na kwetu kitu kisichogawanyika kati ya wake hupigiwa kura. Mashehe ndivyo wanavyotufundisha, hata mume akitaka kusafiri na mke mmoja. Mwingine angeamua kwa moyo wake. Wangu hana moyo katika mambo hayo, ana kura.

Akamwita mke mwenzangu kutoka Kigombe. Alikuja na pono wa kukaanga na salamu za watu wote wa kule. Tukakaa barazani kwangu watatu. Mume wangu akachukua vifungo viwili kwenye kopo langu la kushonea, kimoja cheusi, kimoja cheupe, akavitia ndani ya kofia yake. Cheusi ni mbao. Akasema mgeni aanze.

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyouchukia mkono ule ulipokuwa ndani ya kofia. Ulikaa humo muda. Niliutazama ukitafuta, nikaona vidole vikicheza chini ya kitambaa, nikasema moyoni, Mola wangu, huyu kishapata nusu ya mume, asipate na dari. Ukatoka. Kifungo cheupe.

Akakitazama, akakiweka mbele yangu, akacheka. "Alhamdulillahi," akasema. "Zimefika kwa mwenyewe. Mie nlikuwa naona haya zingenijia mie."

Angelia ningemhurumia. Angenuna ningefurahi. Alipocheka vile aliniachia ushindi usio na ladha, nikabaki na kifungo chake mkononi.

Lakini kabati! Kabati lenyewe siwezi kulisema vibaya. Mume wangu alizilaza mbao kifudifudi kwenye sakafu ya jiko, akaufuata mstari wa penseli toka mwanzo hadi mwisho, na safari hii kila ulimi uliingia kwa kusukumwa na kiganja tu. Fremu aliitengeneza kwa mtiki wa Muheza, akachimba mfereji ndani yake pande zote, mbao zikakaa humo bila gundi wala msumari. Ukizitia gundi, alisema, masika zikivimba zitapasuana, lazima zipate pa kupumulia. Nilimsikia kutoka barazani akiisemesha randa: "Usiilazimishe. Iache itembee." Alikuwa na tabia hiyo ya kujisemesha, na mie nilikuwa na gauni la harusi la kumaliza, sikuinuka. Nilimwambia tu asimruhusu mtu kugusa kitu mpaka kiishe.

Lilipoisha wanawake wa mtaa walikuja mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake, huyu anaomba chumvi, yule anaomba sindano. Walipitisha vidole kwenye michirizi. Waliuliza fundi ni nani. Niliwajibu polepole, nikitaka swali liulizwe tena. Jioni nilikuwa nakaa jikoni bila kazi, mgongo ukutani, nafuata mistari kwa macho toka juu hadi chini. Nilipata nilichotaka. Hapa Tanga hapakuwa na kabati kama lile, na Kigombe hapangekuwa nalo kamwe.

Kisha nikaanza kuona kwamba kabati la Kigombe haliishi.

La paini lilikuwa, mbao mpya za kununua, kazi nyepesi. Langu lilichukua zamu chache. La kule, zamu ilikuja ikapita, ikaja ikapita, bado. Mume wangu alianza kwenda Kigombe na randa, akirudi bila randa, kaiacha. Alirudi anaimba. Na mie ndiye ninayefua nguo zake. Mwanamke mwingine hunusa kola akitafuta marashi ya mwenzake. Mie nilipekua mifuko nikitafuta maranda, yale masazo ya mbao yanayojikunja kama nywele. Niliyakuta. Niliyakuta mifukoni, kwenye mikunjo ya suruali, siku moja ndani ya kofia. Niliyaweka kiganjani nikayanusa. Paini inanukia vizuri, sikujua.

"Kabati gani hilo?" nikamuuliza. "Au mnajenga jahazi?"

"Mbao mbichi zile, zinasumbua. Tena michirizi tunaichonga wenyewe, hazikuja nayo."

"Tunaichonga? Nani na nani?"

"Mie," akasema. Alisema upesi mno, akaomba maji ya kunywa.

Tokea hapo nilikuwa na kijiba cha roho kisichoniacha hata nikila. Nilishona nguo nikiwaza mikono miwili kwenye randa moja. Nilijiambia kabati langu ni zuri zaidi, nikaenda kulitazama, likawa zuri zaidi kweli, na haikunisaidia kitu.

Mfungo Sita ulipofika, nyumba ya Kigombe ilisoma maulidi ya wanawake. Mke mkubwa asipoonekana kwenye maulidi ya mke mdogo, maneno yanafika Tanga kabla ya pilau kuiva. Nilikwenda. Nilivaa vizuri, nikajipaka hina, nikabeba sinia langu la kaimati. Nilipokewa kama kiongozi wa nchi, nikawekwa mbele karibu na msomaji, nikafukizwa udi. Baada ya kisimamo, pale watu wanaposimama kumsalia Mtume, wakati wanawake wanapakua, mke mwenzangu akanishika mkono.

"Dada, njoo uone. Lakini usinicheke."

Akaniongoza jikoni. Kabati lilikuwa limeshasimama ukutani, kasoro mlango mmoja ambao ulikuwa bado umelazwa juu ya meza uani. Paini nyeupe, haijapakwa kitu. Na michirizi, jamani. Mingine ilikuwa imenyooka. Mingine ilianza vizuri, ikafika katikati ikaenda pembeni kidogo kama mtu aliyekumbuka jambo njiani, kisha ikarudi. Ubao mmoja ulikuwa na mchirizi mbovu kabisa, umechimbika huku na kuelea kule. Na ubao huo ulikuwa katikati ya mlango wa kati, usawa wa macho.

"Huo wangu wa kwanza," akasema, anaona haya na hawezi kujizuia kutabasamu. "Nlitaka niutupe kuleee mekoni ukaungue. Kakataa. Kasema huo ndo ukae mbele."

Kwangu mie, ubao uliopinda kidogo tu pale Pangani ulitupwa upande wa kuni.

Akanivuta hadi kwenye meza. Akaingiza mkono chini ya mtandio wake akatoa penseli aliyokuwa kaichomeka juu ya sikio kama anavyochomeka mume wangu, akapiga alama kwenye ubao. Akachukua randa. Ile randa. Niliijua kwa mpini wake, umekolea jasho la kiganja ninachokijua. Kidole chake gumba kilikuwa na weusi kwenye ukucha, amejigonga nyundo. Akaisukuma randa, maranda yakapanda yakajikunja yakaangukia miguuni petu.

"Usiilazimishe, dada," akanambia. "Iache itembee. Haya, shika na weye."

Nikajua sasa kwamba maneno yale hayakuwa ya kuisemesha randa. Yalikuwa maneno ya mtu anayetaka mtu wa kumwambia, na kwangu Tanga aliuambia ukuta.

Roho iliniuma, sina namna nyingine ya kusema. Iliniuma kuliko siku aliponiambia anaoa. Siku ile nilijua ninachonyang'anywa. Hii niliyoiona Kigombe sikuwahi kuwa nayo, na bado niliona nimenyang'anywa. Nilikuwa na kabati zuri kuliko yote pwani nzima, na ningelitoa hapo hapo, mbao zote za mvule na mstari wake wa penseli, nipewe ule mlango mbovu uliolala mezani, ili mradi niwe mie niliyeuharibu.

"Mikono ina hina," nikamwambia. "Haijakauka vizuri." Ilikuwa imekauka tangu jana.

Zamu yangu ilianza alasiri ile, kwa hiyo tulirudi Tanga pamoja, mume wangu na mie, juu ya pikipiki yake. Nilikaa upande, sinia mapajani, nimemshika kiuno. Tuliacha minazi ya Kigombe, tukaingia kwenye mikonge, safu kwa safu, hakuna mtu. Nikampiga bega.

"Simama."

Akasimama kando ya barabara, mguu mmoja chini, injini inanguruma.

"Ulimfundisha lini?"

Hakuuliza ninasema nini. "Zamu zake," akasema. "Nikiwa kule."

"Kwa nini yeye?"

Yule mtu hanidanganyi, ni ugonjwa wake. "Aliniuliza," akasema.

"Aliuliza nini?"

"Kila kitu. Kwa nini ulimi unakaa upande huu. Kwa nini sitii gundi. Nikimaliza siku nzima mkono unaniuma wapi."

Gari la mkonge likapita, likatufunika vumbi, tukangoja litulie. Nikashuka, nikaja kusimama mbele yake na sinia langu.

"Basi na mie nauliza," nikasema.

Akazima pikipiki. Akavua kofia ya chuma, akaiweka juu ya tangi, akanigeukia mzima mzima, na uso wake ukafunguka namna ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu. "Uliza," akasema, akangoja.

Maswali yalinijia mengi, yakisukumana. Yeye husimama upande gani wa meza. Nani huanza kucheka. Ile penseli, alijichomeka mwenyewe au ulimchomeka wewe. Yote yalikuwa ya yule mwanamke. Nikatafuta la kumhusu yeye, mume wangu aliyekuwa mbele yangu na vumbi usoni, moja tu, hata dogo, na yeye akaendelea kungoja.

"Washa," nikamwambia. "Twende."